Chetezo Ndani ya Boti ya Faiba

Niliweka chetezo chenye makaa ya moto ndani ya kikabati cha boti, nikafunga mlango, nikamwambia mama yangu mzazi "tayari, nimeshakishusha," halafu nikakaa juu ya kikabati hicho nikijirekodi video. Nayasema haya mwanzo kabisa ili msije mkanihurumia bure, maana hapa Kivinje kuna watu wakifika kwenye sehemu ya moshi wananionea huruma, na wengine (hasa wale wa kidato cha tatu mkondo B) wakifika hapohapo wanacheka mpaka wanashika ukuta.

Sasa sikilizeni. Mama ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama tisa wanaonunua pweza na samaki ufukweni, na mwaka huu walichoka kusubiri vyombo vya watu, wakaamua kuwa na boti yao wenyewe. Ya mbao hawakutaka hata kuisikia, kwa sababu ile waliyokuwa wakiitumia ilifumuka ubao katikati ya safari, na Bi Somoe, mkubwa wao kwa umri, alirudi nchi kavu amekumbatia dumu tupu. Basi zikaletwa boti mbili za kujaribu, moja ya alumini na moja ya faiba, pamoja na kijana muuzaji aliyevaa miwani ya jua hata akiwa kivulini. Wachague moja, nyingine irudi Dar. Na wakishachagua wamechagua: kina mama tisa, hakuna hata mmoja anayejua kuogelea, watapanda hiyohiyo miaka na miaka.

Kikundi kikagawanyika. Bi Somoe alitaka ya alumini kwa kuwa ni nyepesi, maji yakipwa wanawake wenyewe wanaikokota kwenye tope bila kumbembeleza mwanamume yeyote. Wengine walitaka faiba, wakisema imetulia na inapendeza. Mama hakuwa na upande, na hapo ndipo alipofanya kosa lake la pekee katika mkasa huu wote. Aliniuliza mimi.

"Wewe si unasoma fizikia? Hebu tuambie."

Jamani, mimi! Mtu niliyepata alama za fizikia ambazo hata kuzitaja ni kujidhalilisha! Lakini nikasimama barazani mbele ya kina mama tisa nikajifanya profesa, nikasema alumini inapitisha joto, jua la saa sita likiwaka mtakaangwa makalio kama mihogo (mama akanikata jicho), wimbi likiigonga inapiga kelele mpaka samaki wanahama, ikitoboka fundi wa kuichomelea yuko mbali, kwa kifupi ile ni sufuria yenye injini. Lakini faiba! Faiba haipitishi joto, haipigi kelele, ikipasuka inabandikwa kiraka hapahapa. Yote nilikuwa nimeyasoma, ila sababu yangu yenyewe niliificha: faiba ilikuwa ya buluu yenye mstari mweupe, na mimi nilishajiona nimekaa mbele yake kwenye video, upepo unanipuliza. Nani anataka kuuza sura juu ya sufuria?

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akawageukia wenzake. "Basi tutaanza na faiba. Kwa neno la mwanangu."

Kwa neno la mwanangu. Yashikeni hayo maneno.

Jumamosi asubuhi, maji yalipojaa, tukashuka pwani. Kwetu chombo hakiingii majini hivihivi, kinasomewa dua na kufukizwa ubani kwanza. Muuzaji alijaribu kueleza kwamba boti bado haijawa yetu, Bi Somoe akamwambia, "Na sisi tutakaopanda ni wa nani? Sogea, mwanangu, usizibe moshi." Dua ikasomwa, na mimi nikapewa kazi ya chetezo, nikakizungusha kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka Mjomba Bakari, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha wetu, akanifukuza kwa mkono. "Huku kuna petroli, we punguani! Rudi mbele huko!"

Nikarudi mbele. Mama, akiwa ameshapanda na wenzake watano, akasema, "Rashidi, kishushe hicho chetezo, kawape wanaobaki."

Hapa ndipo dunia yangu ilipopinda, nyie. Kushuka kulimaanisha kukanyaga maji na tope mpaka kwa wale wengine, halafu kurudi na kukuta mtu amekalia nafasi yangu ya mbele. Na pale mbele, chini ya mahali nilipotaka kukaa, kulikuwa na kikabati cha kuwekea kamba ya nanga na majaketi ya kuokolea. Nikafikiri kisayansi (mnaona tatizo linavyoanza): moto bila hewa huzimika, kikabati kina mlango, basi chetezo kikiingia humo kitazimika chenyewe. Nikakisukuma ndani, nikafunga, nikasema "tayari, nimeshakishusha," nikakaa juu, nikatoa simu ya mama niliyokuwa nimeiazima.

Kitu ambacho sikukiona ni kwamba kikabati kile kilikuwa na tundu mbele, la kupitishia kamba ya nanga. Tundu linalotazama upepo moja kwa moja.

Mjomba akawasha injini. Mwanzoni raha tupu, kina mama wanapiga vigelegele, mimi natabasamu kwenye simu kama mgombea ubunge. Mjomba akaongeza mwendo, boti ikainua pua juu kama farasi, na nilipokuwa nimekaa nikasikia chini yangu mlio mdogo tu. Ko!

Chetezo kimeanguka.

Nikatazama chini katikati ya miguu yangu. Ule mlango wa kikabati haukuwa na kitasa, ulikuwa umening'inia tu, na kwa vile pua ya boti ilikuwa juu, vyote vilivyokuwa ndani vilikuwa vinateremka kuelekea nyuma, na pale kwenye upenyo wa mlango likachungulia kaa moja, jekundu, linanitazama kama jicho. Kiasi cha mkono mmoja kutoka hapo, chini ya benchi, kumbe na huku mbele kulikuwa na dumu la petroli ya akiba. Kizibo chake kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha nailoni, na sakafu pembeni yake ilikuwa inang'aa kwa unyevu.

Nilipaswa kupiga kelele. Hata mtoto wa chekechea angepiga kelele. Mimi nikatazama nyuma, nikamwona mama anacheka na Bi Somoe, na mama yangu hacheki hovyo, nikaona nikisema sasa hivi cheko lile linakatika na linakatika kwa ajili yangu. Nikanyoosha mguu nikalizuia kaa kwa ndala. Ndala ikaanza kulainika. Likaja kaa la pili, nikalizuia kwa ndala ya pili, na sasa nilikuwa nimepanua miguu kama golikipa, simu mkononi, meno yametoka kwa ajili ya video, na moyoni namwambia Mungu kwamba nikitoka hapa salama nitaswali zote tano na za ziada.

Halafu moshi ukatoka. Si ule mweupe wa ubani, ni mweusi, mzito, wa plastiki. Majaketi yalikuwa yameshika moto.

"Jamani," akasema Bi Somoe, "nani anachoma nini?"

Mama akaniangalia. Hakuangalia moshi, aliniangalia mimi.

"Rashidi. Chetezo kiko wapi?"

Nilifungua mdomo, pakatoka kilio. Mjomba alipoona moshi akazima injini ghafla, kina mama wakakimbilia nyuma wote kwa pamoja, na hilo ndilo lililotaka kutumaliza, kwa sababu uzito wote ulipohamia nyuma, pua ikainuka tena, na makaa yaliyobaki yakateremka yakipita katikati ya miguu yangu. "Msirundikane huku, tutazama!" Mjomba alikuwa anapiga kelele. Mwingine anasoma shahada, mwingine anamwita mama yake aliyekufa zamani. Na mimi, jamani, badala ya kufanya chochote, nikaanza kutubu kwa sauti: "Mama nakufa! Nisamehe! Yule kuku hakuliwa na kicheche, nilimla mimi na Athumani! Redio mimi ndiye niliyeivunja!"

Mtu pekee aliyekuja mbele ni mama. Alitembea akipishana na wenzake, mkono mmoja ameshika ukingo, na mama yangu maji yakimfika magotini tu huwa anaomba kurudi. Akainama, akalinyakua lile dumu, kaa likiwa limebakiza upana wa kiganja tu kulifikia, akalirusha baharini kwa mikono miwili. Kisha akapaza sauti, "Somoe, hotipoti!"

Bi Somoe alikuwa amekuja na vitumbua. Havikuulizwa, vilimwagwa vyote majini, na hotipoti ikawa ndoo. Mama akachota, akamwaga kwenye kikabati, akachota tena, moshi ukamfunika mpaka nikawa namsikia tu anakohoa, na hapo ndipo nilipoogopa woga ambao sijawahi kuuogopa, maana nilikuwa namsikia na simwoni. Nikaacha kulia. Nikaingia kwenye moshi nikaanza kuchota kwa viganja.

Moto ukazimika. Vitumbua vinaelea. Majaketi yamegeuka ugali mweusi, sakafu ina doa la kuungua upana wa sahani, na suruali yangu ililowa (maji ya bahari yalihusika kwa kiasi fulani).

Mjomba hakuthubutu kuwasha injini kwa ile harufu ya petroli, tukabaki tunayumbayumba mpaka muuzaji akaja na ile ya alumini kutuvuta kwa kamba. Njiani Bi Somoe, akiwa anaitazama hotipoti yake, alisema taratibu, "Si ulisema faiba haipitishi joto? Ndiyo maana tumekaa juu ya moto hatuna habari. Ingekuwa ile sufuria, makalio yangu yangejua mapema."

Ufukweni nusu ya Kivinje ilikuwa imesimama. Watoto, waliokuwa wameshaipa faiba jina la sahani, wakaanza: "Sufuria imevuta sahani! Sufuria imevuta sahani!" Na simu ya mama, niliyoiangusha benchini, ilikuwa imerekodi kila kitu, pamoja na kuku na redio. Jioni yake video ilikuwa imefika mpaka mji wa Masoko, Jumatatu ilinitangulia darasani, na tangu siku hiyo shuleni hakuna anayeniita Rashidi. Naitwa Ubani.

Adhabu yangu ilikuwa kulipiga msasa lile doa kabla fundi hajabandika kiraka. Nyie, vumbi la faiba mnalijua? Upupu ni pafyumu. Lilinishika shingoni na mapajani, nikajikuna siku tatu, usiku nalala nimekaa. Lakini hiyo haikuwa adhabu, adhabu ilikuwa mama. Hakunipiga, hakunigombeza. Ananiwekea chakula, anaondoka. Nilimwogopa kuliko nilivyoliogopa lile dumu, kwa sababu dumu nililiona linaelekea wapi.

Wiki ikaisha, kina mama wakakutana barazani kwetu kuamua. Nilikaa nyuma ya mlango nikiwa nimeshaapa mambo mawili: chetezo sitakigusa tena hata harusini kwangu, na "tayari" sitaitamka mpaka kitu kiwe tayari kweli. Nilisikia mabishano, nikasikia viti vinasogezwa na wageni wanaagana. Kisha mama akaniita. Nikatoka, nikasimama mbele yake naangalia vidole vyangu vya miguu, nasubiri kilichokuwa kinanijia tangu Jumamosi ile.

Mama akajifunga kanga vizuri, akasema: "Faiba ni boti nzuri, Rashidi, sikatai, na uliyotueleza yote ni kweli. Ila tumechukua ya alumini, maana na wewe utakuwa unapanda."