Mama Kamera Aliyekatazwa Kuzama

Jua linaingia dirishani wakati Mama Kamera anapodondosha tone la maji ya bahari juu ya kioo chembamba. Anakiweka chini ya hadubini, anabandika simu kwenye lenzi, anabana pumzi. Ndani ya tone, kaa mchanga mdogo kama punje ya chumvi anarusha miguu. Moyo wake unaonekana ukidunda.

"Tulia, mwanangu, nikupige picha," anamnong'oneza.

"Mimi hujawahi kunibembeleza hivyo," mumewe anadakia kutoka jikoni.

Kwa miaka kumi na moja, mama huyu wa watoto wawili alizama na kamera akipiga picha za matumbawe kwa ajili ya vitabu vya shule na kalenda. Majirani walimbatiza jina la Mama Kamera kwa utani, likaganda.

Mwaka juzi aliteremka akiwa na mafua, ingawa wazamiaji huonywa kwamba pua ikiziba, sikio hushindwa kuhimili mgandamizo wa maji.

"Pweza niliyekuwa namfuatilia alikaribia kuangua mayai. Nikajiambia, mafua ni mafua tu," anasimulia. "Nikasikia kitu kimepasuka sikioni, dunia ikapinduka. Sikujua juu wapi, chini wapi."

Mzamiaji mwenzake ndiye aliyempandisha. Ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa imepasuka, na daktari akampiga marufuku kuzama. Kazi zikahamia kwa wengine. Sasa anawauzia walimu wa sayansi picha za viumbe wa kwenye matone, na kipato hakifiki nusu ya kile cha zamani.

"Nawapenda hawa wadogo, sikudanganyi. Lakini tone ni tone. Kule chini nilikuwa nikigeuka, bahari nayo inageuka nami."

Mdogo wake, fundi cherehani, alijifunza kuzama ili amletee picha. Za kwanza zilikuwa ukungu mtupu.

"Mbona umesimama mbali hivi? Jiwe haling'ati!" dada mtu alimkemea. Kisha akaisogeza picha moja karibu na macho. Katikati ya ukungu ule alikuwa ameliona pango la pweza wake.

Wiki iliyopita daktari alimlegezea kamba: sikio limepona kiasi, anaruhusiwa kuelea juu juu akiwa ameliziba, ila asizame kabisa. Atakwenda Jumamosi, ameshikwa mkono na mdogo wake.

"Dada, ukithubutu kuzama nakuvuta nywele," mdogo amemwonya.

Mama Kamera anacheka, kisha anatazama nje.

"Nitaona paa tu la nyumbani kwangu kule chini. Lakini mtu aliyekaa ugenini siku nyingi, hata akiliona paa la kwao kwa mbali, machozi humtoka. Kamera nitaibeba. Sijui kama nitakumbuka kuibonyeza."