Natafuta Mtu Asiyeniambia "Mama ni Mama"

Siku ya msiba wa mama yangu nilicheka, na wapo watu hapa Tabora ambao hawajanisamehe mpaka leo. Basi wasinisamehe.

Acha nieleze ilivyokuwa, maana umbea umekwisha kuipamba. Mama alikuwa mwalimu wa madrasa. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu walisomea barazani kwetu, na wengine wamekuwa wakubwa wa ofisi na bado wakilitaja jina lake wanashusha sauti. Wanafunzi wake aliwaita "wanangu". Mimi, niliyetoka tumboni mwake, aliniita "wewe".

Alipopata kiharusi alilala upande mmoja, lakini ulimi ulibaki mzima. Niliitoa cherehani yangu sokoni nikaiweka ukumbini ili nimsikie akiita. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza. Kila asubuhi nilimpelekea chai ya tangawizi, na kila asubuhi alionja kidogo, akakunja uso, akauliza: "Wewe. Hii chai umeipika au umeiogesha?" Wageni wakiwapo aliwaambia kwamba wenzake Mungu aliwapa watoto, yeye alimpa mtihani. Wageni walicheka kwa adabu, nami nikaondoa vikombe vitupu.

Ndivyo tulivyoishi mpaka alipofariki.

Sisi ni Wanyamwezi, na watani wetu wakubwa ni Wazaramo. Babu zetu walishuka pwani na misafara, mizigo kichwani, wakalala kwao, wakala kwao, na kutoka hapo ikawa ruhusa kuchezeana hata mahali pa kilio. Yupo mzee mmoja wa Kizaramo, fundi ujenzi, aliyekuja Tabora kijana na kuzeekea hapa. Ndiye aliyetujengea jiko. Hakosi msiba wetu hata mmoja.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, mzee yule aliingia chumbani kwa mama. Akatoka amejitanda mtandio wa mama, amepindisha mdomo, anaburuta mguu. Akaja kukaa mkekani katikati ya wanawake akaagiza chai. Nikampa. Akaonja, akakunja uso, akaniangalia kwa jicho la mama hasa: "Wewe. Hii chai umeipika au umeiogesha?"

Msiba mzima ulicheka. Wanawake walipigana mabega, wengine wakajifuta machozi ya kicheko kwa ncha za kanga. Nikacheka na mimi. Wao wakanyamaza, mimi nikaendelea. Nilicheka mpaka nikalala mkekani, na kicheko kikageuka kitu kingine ambacho sikukijua, cha kamasi na kukosa pumzi, wakanibeba kunipeleka ndani.

Kilichonishika ni hiki: walicheka kwa sababu walijua. Mtu hachekeshwi na mwigo wa kitu asichokijua. Miaka yote nilidhani ni siri yangu mimi na kuta za nyumba yetu, kumbe mtaa mzima unayo, na umeitunza vizuri.

Siku chache baadaye nilimwambia shangazi yangu, dada yake marehemu baba, aliyekuwa rafiki wa mama kuliko mawifi wote. Nilimwambia taratibu, tukichambua mchele. "Shangazi, mama hakunipenda."

Akaniziba mdomo kwa kiganja chenye vumbi la mchele. "Usiseme hivyo. Mama ni mama."

"Mbona mtani kasema mbele za watu?"

"Mtani alikuwa anatania."

Basi ndiyo hivyo. Mtani akisema ni mzaha, mtoto akisema ni laana. Maneno ni yale yale.

Kuanzia hapo mikono yangu ilikataa kazi. Nilikaa kwenye cherehani, nikaweka kitambaa, nikatazama sindano, mguu haukanyagi. Sare za shule zikalala kikapuni mpaka wenyewe wakaja kuchukua vitambaa vyao wakapeleke kwa fundi mwingine. Alfajiri nilijikuta jikoni nimebandika chai ya mtu aliyekwisha zikwa, nimesimama hapo, hasira imenijaa mpaka kooni. Kila mtu alisema ni majonzi, binti alimpenda mno mama yake. Kama ingekuwa majonzi ningelia nikapona. Mimi nilikuwa na sentensi moja iliyonikwama, na kila nilipotaka kuitoa mtu alinirudishia kinywani.

Shangazi akamleta ustadhi. Akasoma, nikaitikia amin kwa moyo wote. Dua siikatai. Lakini Mungu nilikuwa na hakika alikwisha jua habari zote. Nilichotaka ni binadamu asikie.

Nikasema nitatafuta mshauri nasaha. Shangazi akaweka chini kikombe. "Kwani umepima?" Kwa watu wetu ushauri nasaha ni kile chumba unachoingia kabla ya kupewa majibu ya damu. Nikamwambia sijapima, nataka kuzungumza. Akasema watu wa kuzungumza nao wamejaa barazani. Nikamwambia hao ndio tatizo lenyewe.

Nitamsifu mtu aliyesema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hakusema ukiamua kuyafichua unayapeleka wapi. Mimi ni fundi cherehani, nikaamua kufanya kama nifanyavyo na kitambaa nisichokijua: nakata kipande cha pembeni, nakilowesha, naangalia kama kinachuja rangi. Kila mshauri nitakayemfikia nitamwambia sentensi yangu mapema. Akinijibu mama ni mama, nachukua mkoba wangu naondoka, na sitaomba radhi.

Wa kwanza alikuwa hapa hapa mjini, mwanamama mwenye heshima zake, chumba kisafi, pazia zuri. Tukasalimiana. Akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi, nikamwambia. Uso ukamng'aa. "We ni binti wa bi mwalimu? Mama yako ndiye aliyenifundisha kusoma. Yule mama alikuwa nuru." Hata sentensi yangu sikuifungua. Nilimuuliza habari za watoto nikaaga. Kabla ya Ijumaa shangazi alikuwa na habari kwamba nilikwenda pale, na kwamba nilikuwa nimekonda.

Wa pili nilielekezwa na mteja wangu anayelima Puge, huko Nzega. Muuguzi mstaafu, mama wa kanisani, mwenye sauti ya kulaza watoto. "Mwangaluka," akanisalimu kwa kikwetu, na moyo wangu ukalegea. Huyu hakumjua mama. Nikasema sentensi yangu. Hakunijibu mama ni mama. Alinishika mkono akasema, "Msamehe, mwanangu. Ukimsamehe utapona."

Nikamuuliza, "Nimsamehe nini? Mbona bado hujaniuliza alifanya nini?"

Akatabasamu akaanza kuniombea. Alikuwa mtu mwema, na bado namtumia salamu. Ila wema wake ulikuwa na haraka kuliko shida yangu.

Nikajaribu na kijana mmoja wa Dar kwa simu. Yeye alinisikiliza kama dakika tatu, akaniambia, "Dada, we jipende kwanza, achana na toxic people." Nikamjibu kwamba aliyenitesa yuko kaburini, tumekwisha achana. Mtandao ukakatika, sikupiga tena.

Hapo shangazi alidhani nimeshindwa. Alikuja na methali yake: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikamuuliza, "Na uchungu wa mzazi aujuaye nani?" Akasema tangu nianze kuzunguka nimekuwa na mdomo. Ni kweli nilikuwa na mdomo. Ulichelewa kuota, ndiyo maana ulikuwa mkali.

Wa nne nilimpata Isikizya, makao makuu ya Uyui, mbali kidogo na masikio ya mjini. Nilikuwa nimekwenda kupeleka mashati ya sare niliyoyamaliza kabla ya msiba, mama mmoja wa ofisini akanidokeza kwamba yupo dada wa ustawi wa jamii anayejua kusikiliza. Nikaenda kama nilivyo, na vumbi langu.

Nilimkuta msichana. Nasema msichana kwa sababu angeweza kuwa mwanangu. Alisimama akaniamkia, "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba huku moyoni nikisema, haya, leo nitashauriwa na mtu anayeniamkia. Lakini nilikuwa nimekwisha fika, nikakaa, nikaanza mimi kumuuliza yeye. Kasomea nini. Nikisema jambo humu linaishia wapi. Nikiona hanifai nikiondoka atanuna. Alijibu yote bila kujikunja: alisomea kazi hiyo, linaishia humu, labda nimwambie nataka kujidhuru au kudhuru mtu, hapo atanitafutia msaada zaidi na ataniambia kwanza, na nikiondoka hatanuna, atanielekeza kwa mwingine. Nikamuuliza la mwisho, kwao ni wapi.

"Kisarawe, mama. Mzaramo."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Kumbe. Babu zangu walitembea mpaka wakachubuka nyayo kuwaletea pembe, mkawapa nazi mbovu, na leo nimekuja kwenu tena kwa miguu yangu."

"Nazi zilikuwa nzima," akasema, "ninyi hamkujua kuzifua, mkazitafuna na makumbi yake."

Tukacheka wote wawili. Ningeweza kukaa pale kutwa nzima nikimtania, na ningerudi mjini nimefurahi na sentensi yangu kooni. Yeye ndiye aliyesimamisha. Akasema, "Mtani wangu, utani tutaufanya hapo nje nikikusindikiza. Humu ndani nikikutania utacheka, halafu utaondoka na ulichokuja nacho. Umekuja na nini?"

Nikaitoa. "Mama yangu hakunipenda."

Nikasubiri. Mkoba nilikuwa nimeushika tayari.

Akasema, "Nimesikia. Alikuwa anafanyaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza habari za "wewe", za mtihani, za chai. Nilieleza mpaka sauti ikakauka, na hakunikatiza kunifariji. Nilipofika kwa mtani na mtandio, akauliza, "Mama alipokuuliza kama umeiogesha, ulimjibu nini?"

"Sikumjibu. Nani humjibu mama?"

"Na mtani je?"

"Nilicheka."

"Ungejibu, ungesema nini?"

Nikatafuta jibu, sikuliona. Miaka yote ile ya chai, na sikuwa na jibu hata moja nililoliweka akiba. Hasira zikanipanda, safari hii juu yake yeye, mtoto mdogo ananiuliza maswali asiyokuwa na majibu yake. Nilisimama nikamwambia sirudi. Akanisindikiza mpaka nje, akasema, "Ukirudi, njoo na nazi." Wiki iliyofuata nilirudi, bila nazi, na hasira zangu zote. Nikarudi tena na tena. Shangazi alipouliza ninakwenda wapi sikusema nakwenda kupeleka sare. Nilisema nakwenda kwa mshauri wangu, mbele ya wageni, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema anakwenda sokoni.

Cherehani ilianza kulia tena kabla ya mfungo. Kwanza viraka, kisha mashati.

Mwaka ulipotimia tukamsomea mama hitima. Nyumba ilijaa wanafunzi wake, wakubwa na wadogo, na kila mmoja alikuwa na la kumsifu. Niliwasikiliza. Sikuona uongo wowote katika waliyosema. Kwao alikuwa mama. Nilipika chai mwenyewe kwenye lile jiko, tangawizi niliyoitwanga kwa mkono wangu, nikapita na birika.

Mzee wa Kizaramo alikuwapo. Alisubiri visomo viishe, akaingia chumbani, akatoka na ule mtandio. Safari hii vicheko vilianza kabla hajakaa. Nilimmiminia. Akaonja, akakunja uso. Watu wakaniangalia mimi, si yeye. Nadhani wengine walikwisha jiandaa kunibeba.

"Wewe," akasema. "Hii chai umeipika au umeiogesha?"

Niliweka birika chini.

"Nimeipika," nikasema. "Nimeipika kila siku, na kila siku ilikuwa tamu, na wewe ulijua ni tamu kwa sababu hukubakiza hata tone."

Mzee alinitazama, si kwa jicho la mama tena, kwa jicho lake mwenyewe. Akaushusha mtandio mabegani, akaukunja, akauweka kando. Kisha akanywa chai yake mpaka mwisho akanirudishia kikombe kitupu.

Shangazi alijisogeza. "Mwanangu," akaanza, "lakini mama ni—"

Nikachukua birika nikamjazia kikombe chake mpaka ukingoni, ikambidi anyamaze ili asimwage. Akainama akanywa.