Kura ya Alhamisi

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinikalisha mbele ya ramani ya Ulaya iliyochomwa pini za kijani. Akaniambia kila pini ni uwanja wa gofu, na kuanzia siku hiyo viwanja vyote hivyo ni vyangu. Gofu nilikuwa naijua kwa mbali tu. Kwetu Tanga nilipokuwa mdogo tulikuwa tukiupita uwanja wao pembeni, na nilichojua ni kwamba haturuhusiwi kukatiza.

"Wanacheza nini hasa?" nilimuuliza.

"Usiniulize mimi, Zuhura, mimi mtu wa tenisi," Meneja akasema. "Wewe hakikisha wanafika."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ndogo ya usafiri pale Parramatta, ugenini, upande wa pili wa dunia kutoka Ulaya. Nilikuwa nimeshapita hamsini. Mume wangu, Baba Asha, aliendesha lori la makontena bandarini Port Botany. Mimi nilijua kuandika tiketi, maana ndiyo kazi niliyoifanya nyumbani, nikachukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Katika ofisi ile mwenye mtandio nilikuwa peke yangu.

Nyinyi mnaobonyeza kompyuta leo hamwezi kujua faili za wakati ule zilivyokuwa nzito. Nikazisoma kama mtoto wa chuoni anayehifadhi asichokielewa. Ureno viwanja viko juu ya majabali, na upepo wa bahari humrudishia mtu mpira wake. Kusini mwa Hispania huendewa na wanaokimbia baridi. Magharibi ya Ireland viwanja vimelala katikati ya vilima vya mchanga, na mvua haimtoi mtu mchezoni. Ufaransa, kwenye misitu ya kaskazini ya Paris, hupokelewi bila cheti cha hendikapu. Cheti hicho kilinivuruga akili kweli: ni namba inayoonyesha mchezaji ni dhaifu kiasi gani, ikiwa ndogo ndiyo sifa, na mteja huitaja kama anayetaja cheo. Nikawa naandika tu, huku nikiitikia kwa kichwa kwa heshima.

Mteja wangu wa kwanza mkubwa alikuwa Bwana Doyle, fundi bomba mstaafu wa Granville, na mkewe Maureen. Wote wawili walicheza gofu. Macho ya Bwana Doyle yalikuwa yanakufa.

"Daktari amenipa mwaka mmoja wa kuona," aliniambia. "Kabla haujaisha nataka nicheze St Andrews, ule uwanja mkongwe. Mara moja tu. Nakuachia wewe kila kitu."

Huo uko Uskoti, na wachezaji huutaja kwa sauti ya chini. Nikawapangia ndege, treni na hoteli, wawe pale Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Nafasi ya kucheza ndiyo iliyonitatiza. Faili lilisema baadhi ya nafasi hupigiwa kura: majina hufikishwa siku moja kabla, yanachanganywa, na yanayotoka ndiyo yanayocheza kesho yake.

Alhamisi saa kumi na moja jioni, kule ikiwa bado asubuhi, nilisimama mbele ya mashine ya faksi na fomu ya akina Doyle ya kucheza Ijumaa mkononi. Kuchanganya majina na kungoja bahati, mimi nilikuzwa nikijua hiyo ni kamari. Nikikataa, Meneja atasema huyu hataki kazi. Nikituma, nitamjibu nini Mola wangu? Kuuliza si ujinga, lakini siku ile niliona haya. Nikaitia fomu kwenye droo, nikaenda kupanda treni.

Nyumbani nilimweleza Baba Asha. Hakunicheka. Alisema kesho Ijumaa yuko off, atamuuliza Maalim wa msikitini baada ya swala. Kesho yake saa tisa mchana simu ikalia ofisini, ni yeye.

"Mama Asha, Maalim kauliza, huyo mtu anaweka pesa ambazo huenda akazipoteza? Nikamwambia hapana, anataka turn yake tu. Kasema basi hiyo kura, si kamari. Mtume mwenyewe akitaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, ajue nani atafuatana naye."

"Kura ya safari?"

"Ya safari, ndiyo! Tuma hiyo fax, mama."

Nikaituma ya Jumamosi. Asubuhi yake nilikuta jibu kwenye mashine: majina hayakutoka. Nilikaa chini nikalia. Kisha nikalisoma faili mpaka ukurasa wa mwisho, na hapo nikaona kwamba Jumapili uwanja ule hupumzika. Hachezi mtu, na yeyote ruhusa kutembea humo, hata na mbwa wake. Nikawaandikia hotelini waende.

Bwana Doyle aliporudi alikuja ofisini moja kwa moja.

"Tumeutembea wote, shimo la kwanza mpaka la kumi na nane," alisema. "Bahati haikututaka tu, siku zote mbili."

"Bahati mbaya," nikajibu, nisimwambie kwamba ya Ijumaa sikuituma.

Majaribio nikayafaulu. Meneja akaondoka, akaja mwingine, nami nikafanywa mkuu wa safari za gofu bila kuwahi kuishika fimbo yake. Siku ya kuagwa kwangu, mwisho wa miaka ile ya tisini, Bwana Doyle alikuja na miwani myeusi, ameshikwa mkono na Maureen. Maureen alipokwenda kuchukua chai, nilimwambia mzee yote: droo, Maalim, na ile kura ya wake wa Mtume.

Akaugeuza uso kuifuata sauti yangu.

"Wale ambao kura haikuwatokea," aliuliza, "walifanya nini?"

"Walibaki nyumbani, wakangoja safari nyingine."

"Mimi sikuwa na nyingine, Zuhura."

Hakusema kwa ukali. Akanyoosha mkono, nami sikujua kama ananisamehe au anautafuta mlango. Nikaushika, nikampeleka mpaka kwa mkewe.

Sasa nimestaafu. Vijana wa ofisini bado hunipigia simu kuniuliza uwanja gani wa Ulaya unamfaa mzee, nami nawajibu. Kisha nawaonya, fomu ya mtu isilale kwenye droo kwa sababu hamkuielewa, ulizeni siku hiyohiyo. Mmoja aliniuliza, ningeituma Alhamisi ile, majina yangetoka? Nikamwambia sijui, na kila nikimkumbuka Bwana Doyle najiuliza upya, na bado sijui.