Siku Bibi Alipombeba Salumu

Harufu ya kinyesi cha tembo kikichomwa haisahauliki. Ni moshi mzito unaokwaruza koo, wenye utamu kidogo wa majani makavu. Mwezi uliopita, nikitoka kusomesha madrasa, nilimpita muuza dawa za asili pale Tandika akimfukizia mteja wake, miguu yangu ikagoma kuendelea. Mtu mzima nikasimama barabarani, msahafu kifuani, nikiwa tena msichana wa miaka kumi.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa. Mama aliuza mitumba sokoni, baba alikuwa safarini Lindi na lori, nasi tuliishi Temeke kwa Bibi, mama yake baba. Siku moja baada ya adhuhuri, mdogo wangu Salumu, aliyeamka na homa, alikakamaa juu ya mkeka. Mtu hutetemeka kwa baridi, mti hutikiswa na upepo; lile lilikuwa jambo jingine kabisa. Ungedhani ndani yake kuna mtu anampigapiga chini apate kutoka. Macho yaligeuka meupe, meno yakasagana.

Degedege. Nyumbani hatukulitaja jina hilo, tulisema "mdudu", na tuliambiwa kwamba mtoto mwenye mdudu akichomwa sindano hufa palepale. Bibi akatia makaa chetezoni, akanyunyiza kile kinyesi, akamfukiza Salumu huku majirani wakijaa uani. Mama alipofika akatupa furushi la mitumba mlangoni.

"Mama, niwie radhi," akamwambia Bibi. "Huyu naenda naye zahanati."

"Watamchoma sindano."

"Wamchome."

"Haya, mama wa kisasa!" akadakia Mama Zuhura, jirani yetu. "Shoga, mie nakwambia, utarudi na maiti!"

Mama akamnyanyua Salumu, lakini khanga ya kumfungia mgongoni ikamponyoka mara mbili. Bibi akanyoosha mikono.

"Lete hapa. Utamwangusha."

Akamchukua, akatoka pekupeku, mama na mimi nyuma yake.

Mwisho wa mtaa njia iligawanyika. Kulia ni kwa mganga aliyetupatia kile kinyesi, kushoto ni zahanati. Hatukujua Bibi anaelekea wapi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nilijaribu kusoma Kul-huwallahu, aya zikanichanganyikia mdomoni. Pale njia panda Bibi akasimama, akamsubiri mama, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Kisha akakata kushoto.

Nesi aliandaa sindano upesi. "Bibi, subiri nje."

"Sitoki. Mchome mie nimemshika."

Akamshika miguu, midomo ikisoma Ayatul Kursiyyu, macho yakiifuata sindano mpaka ikazama. Salumu akajikunja kwa nguvu, mwili ukatukutika, halafu ukalegea wote kama nguo iliyokamuliwa.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Bibi akasema, akaanza kumnyoosha miguu.

"We bibi!" nesi akamaka. "Unamzika mtoto anakoroma?"

Kweli alikuwa anakoroma. Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Bibi akakaa sakafuni, akaomba maji ya kunywa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi alibadili mawazo njiani. Yeye alishatangulia mbele ya haki, nami ninao wanangu, ndipo mama aliponieleza yale maneno ya njia panda. Mtoto wa kwanza wa Bibi naye aliitwa Salumu. Akiwa bado mama kijana huko Kisarawe, alimpeleka hospitali peke yake, homa ikiwa imeshammaliza, akachomwa, akafa. Ukweni wakamwita muuaji, na hawakuacha mpaka anazeeka.

"Akifa," alimwambia mama, "useme nimempeleka mimi. Mimi jina hilo nimeshalizoea. Wewe bado mdogo, hutaliweza."

Namshukuru Mungu kwa uhai wa ndugu yangu, na nesi yule namwombea kheri. Lakini nikifikia dua ya Bibi huwa nakawia. Tangu nyumbani hadi kitandani pale, aliamini kwamba anakwenda kuua mjukuu wake, na bado hakutaka mikono iliyombeba iwe ya mama yangu.