Mota ya kugeuza mayai ilikubali kwenda, ikakataa kurudi

Assalaam alaykum wakuu. Mimi ni mzee wa Kilindoni, Mafia. Nasomesha madrasa, na Allah amenijaalia kupenda kuchokonoa umeme. Haya yamenitokea nyumbani kwangu na mke wangu ni shahidi, tena shahidi mkali.

Tangu wageni wa hifadhi ya bahari wawe wengi, hoteli za Utende zinaulizia sana kuku wa kienyeji.

Nikaunda mashine ya kutotoleshea mayai. Boksi la mbao, taa ya joto, na trei inayoinamishwa kulia na kushoto na stepper motor, mota inayozunguka hatua kwa hatua, niliyoichomoa kwenye printa mbovu.

Mke wangu, Bi Zuhura, akayatoa mayai thelathini chini ya matetea wake kwa neno langu tu. Mliofuga mnajua: yai lisipogeuzwa, kifaranga hugandia kwenye ganda.

Nikasema Bismillah, nikawasha. Trei ikainama kulia vizuri kabisa.

Nikasubiri irudi. Haikurudi.

"Maalim," akasema Bi Zuhura, "mayai yangu yakiharibika, utayaatamia wewe."

Siku mbili tukageuza kwa mkono, yai moja moja, kila baada ya swala. Alhamdulillah swala ni tano, hatukusahau.

Huku nyuma nikabadilisha betri, nikaandika upya programu inayoipa mota amri. Wapi!

Akaja jirani yangu Mzee Shaame, fundi wa injini za boti. "Pindua waya za mota, Maalim. Itarudi tu."

Nikazima umeme, nikapindua waya mbili, nikawasha. Sasa ikainama kushoto, ikakataa kulia.

"Imehama dhehebu tu," akasema Bi Zuhura. "Ukaidi ule ule."

Shaame alicheka mpaka akaomba maji. Mimi nikavuta subira, maana hasira haijawahi kutengeneza kitu.

Siku ya tatu Bi Zuhura alikuwa ameishika trei. "Mbona ikitakiwa kurudi inalegea? Mwenye kugoma si hukaza?"

Hapo nikakaa chini.

Kweli. Mota hii ikiwa na umeme, hata ikisimama hukaza. Ikilegea, imezimwa. Kumbe kuna kitu kilikuwa kinaizima badala ya kuigeuza.

Kwenye draiva yake, kile kibao kinachoiendesha mota, kuna sehemu mbili za kufungia waya, ubavu kwa ubavu: DIR hupokea amri ya mwelekeo, ENA hupokea amri ya kuwaka au kuzima. Mimi mchoro niliunakili daftarini kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyozoea tangu utotoni, kutoka kulia. Wakati wa kufunga waya nikahesabu kutoka kulia vilevile, ilhali draiva yenyewe huhesabiwa kutoka kushoto. Ya kwanza ikawa ya pili.

Kila nilipoiambia "rudi", nilikuwa naiambia "lala".

Nikazibadilisha nafasi waya mbili hizo, ya DIR na ya ENA. Trei ikaenda, ikarudi. Nikasujudu sijda ya shukrani pale pale, pembeni ya boksi.

Siku zilipotimia, vifaranga ishirini na saba wakatoka. Matatu yaliyobaki nikaanza kuyatafutia maneno ya kujitetea, Bi Zuhura akanikata: "Hayo hayakuwa na mbegu, mwachie jogoo, Maalim. Kesi yake nitaisikiliza mwenyewe."

Nilichojifunza wakuu: nilimwita mkaidi yule mtiifu aliyefanya sawasawa na amri niliyompa. Nanyi mliowahi kulaumu chombo kwa kosa la mikono yenu, andikeni hapa tucheke pamoja. Wenye elimu zaidi kuhusu draiva, nirekebisheni, nitashukuru.