Simu Mpya, Hasira ya Zamani

Mtu asiniambie nilikuwa na malaria siku ile. Nimekwisha kuambiwa hivyo na padri, na watu wa kazini, hata na daktari mmoja ambaye hakunigusa mkono. Malaria sikuwa nayo. Haikuwa usiku, sikuwa nimelala, na pombe sinywi. Ilikuwa saa tisa ya mchana, jua linachoma, kwenye stesheni ya Kamina, ndani ya dépôt, yaani ghala la mizigo, na niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili. Ukitaka kunicheka, cheka sasa umalize, halafu usikilize.

Mimi ni secrétaire, yaani karani, wa shule moja ya sekondari hapa mjini. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, na kati ya watoto wake tulibaki wawili tu, mimi na mdogo wangu Odile. Yeye alisomea uuguzi, akapangiwa kazi mbali, kwenye kituo cha afya ndani ya msitu, siku mbili kwa pikipiki kutoka Kindu. Kule mtandao wa simu hakuna kabisa. Kuna antena moja ya intaneti kwenye ofisi ya kituo, inawashwa jioni kidogo ili watume ripoti zao, basi. Ndiyo maana kwa miaka yote mimi na Odile tulikuwa tunaandikiana kwa mail. Yeye anaandika jioni, mimi nasoma asubuhi nikifika ofisini, kabla hata sijafungua madirisha.

Mama yetu alipokufa nilimwandikia aje. Akapanda train. Na hii train yetu unaijua: iliharibika karibu na Kabongo, ikalala pale siku tatu. Sisi huku tulimngoja siku mbili, joto, umeme hakuna, mwili hauwezi kungoja tena. Tukazika. Siku iliyofuata Odile akafika na mzigo kichwani, miguu imevimba, watu wa kilio bado wamekaa uani. Mimi nilikuwa sijalala siku nne, na uchungu ulikuwa umenipanda kichwani. Nikasimama mbele ya watu wote nikamwambia, "Minyi sina tena mudogo. Hata ukikufa, usiniite."

Kwetu neno la mkubwa juu ya mdogo wake halisemwi hivihivi. Linamshika mtu. Siku akiugua, kitu cha kwanza wazee watauliza ni nani aliyemsema. Odile alijua, mimi nilijua, na kila aliyekaa uani alijua. Alikwenda kwenye kaburi la mama peke yake, na train ya kurudi ilipopita akaondoka nayo.

Baada ya majuma mawili akaniandikia. Niliona jina lake pale juu ya simu, moyo ukachemka upya. Sikusoma. Niliweka kidole juu ya jina lake, simu ikaniuliza nataka kufanya nini, nikachagua pale ilipoandikwa "Indésirable", yaani asiyetakiwa. Kidole kimoja, niamini. Kisha nikaendelea kuandika orodha ya wanafunzi.

Hasira ile haikukaa sana. Shangazi yetu alikuja kutoka Luena akanikalisha chini. Akaniletea maji ndani ya kikombe, nikaweka maji kinywani, nikatema chini, nikasema jinsi inavyosemwa: neno nililolitoa juu ya Odile nimelirudisha, lisimshike, atembee vizuri. Shangazi akanipaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye mikono na kifuani. Tukamaliza. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Sasa umwambie weye mwenyewe. Neno uliitosha mbele yangu, yeye hayayua." Kwetu "kutosha" ni kuondoa; neno nimeliondoa, lakini Odile hajui.

Na mimi nikajibu nini? Nikajibu, "Yeye njo mudogo. Akiandika, nitamujibu."

Basi nikangoja. Katikati ya kungoja, wezi wakaniibia simu sokoni, na namba ya zamani ikaenda nayo. Nikanunua simu nyingine, namba nyingine. Kijana wa duka akaniambia nisiogope, niweke tu adresi yangu ya mail na neno la siri, vitu vyote vitarudi. Na kweli vilirudi vyote. Sikufikiri hata kidogo kwamba na kile kidole changu kimerudi pamoja navyo.

Hapa lazima niseme juu ya hii akili ya simu, kwa sababu inanichoma. Simu inajua kuchagua, wanasema. Inakutengea barua zako, hii ya maana, hii ya biashara, hii takataka, wewe usichoke. Sawa. Kila asubuhi nilikuwa nafungua, na pale juu kabisa, mahali pa barua za maana, nakuta viatu vinauzwa kwenye mji ambao sijawahi kukanyaga. Nakuta bwana mmoja nisiyemjua ananipongeza kwa urithi. Barua ya inspekta juu ya mitihani iliwekwa mahali pa biashara, nikaiona siku ya mwisho ikiwa imepita, na préfet, mkuu wa shule, akanigombeza mbele ya walimu kama mtoto. Nani aliiambia hii mashine kwamba viatu vina maana kuliko mitihani? Nilikuwa nalalamika kila siku, kazini kote wananijua kwa malalamiko hayo.

Na kila siku natafuta jina la Odile, silioni. Nikasema moyoni, kiburi. Mudogo ana kiburi, aendelee nacho. Mwaka ukapita hivyo.

Sasa tufike siku yenyewe. Katoni ya vitabu vya pointi za wanafunzi ilikuwa imetumwa kutoka Lubumbashi, nikaenda stesheni kuichukua. Mlinzi wa dépôt ni mzee Ilunga, alifanya kazi na baba. Aliniambia, "Mama secrétaire, pita tu ndani, utafute weye mwenyewe. Mizigo ya juma hii iko hapa mbele."

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya samaki wakavu wa Mulongo. Katoni yangu niliiona upesi. Nilikuwa nainama kuishika ndipo nikasikia mtu anakohoa kule nyuma kabisa, kwenye pembe ambako wanasukuma vitu ambavyo hakuna aliyekuja kuvichukua. Nikainua macho. Odile alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati.

Hakuwa mweupe, hakuwa anaelea, usifikiri hivyo. Alikuwa Odile, amekonda tu, amefunga kile kitenge alichokuja nacho kwenye kilio cha mama, cha rangi ya majani chenye maua ya njano. Mikono ameiweka juu ya magoti. Furaha iliyonishika sijui kuisema. Hasira, mwaka mzima, vyote vilitoka mara moja.

"Odile," nikamwambia, "njo leo unafika? Train gani?"

"Niko hapa toka juma mbili, yaya," akajibu, jinsi kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake. Sauti yake ndogo, ya mtu aliyechoka kungoja.

"Juma mbili? Na haukuniita?"

"Nilikuita. Nilikuandikia mara saba."

Nikamwambia sikupata hata moja. Akanitazama, si kwa ubaya. Nikasema haraka, maana niliogopa asije akainuka akaondoka tena, "Mudogo, sikia. Ile neno niliitosha. Na maji, na pemba. Shangazi alikuwa pale. Iliisha zamani."

Odile akainamisha kichwa. "Ulimwambia shangazi," akasema. "Na minyi, nani aliniambia?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Niligeuka kumwita mzee Ilunga aje anisaidie kumbebea sanduku, tumpeleke nyumbani, nimpikie bukari, ugali wa kwetu, nimwambie neno hilo kwa kinywa changu mara mia. Mzee alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, uso umembadilika.

"Mama, unasema na nani kule?"

"Na mudogo yangu. Odile. Kuya, umukamatie sanduku."

"Kule haiko muntu," akasema polepole. "Iko tu vintu vya bantu benye habakuye kukamata."

Niligeuka. Sanduku la bati lilikuwa pale. Juu yake hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa limelifunika lote, halina alama ya mtu aliyekaa, na kwenye kifuniko kilibandikwa karatasi. Nikaifuta kwa mkono. Lilikuwa jina langu, kwa mwandiko nisioujua, na chini yake namba yangu ya simu ya zamani.

Mzee Ilunga alisema limefika toka juma mbili na train ya Kindu. "Tuliita ile numéro, haipite. Weye tunakuita Mama secrétaire tu, ile jina hatukuyua ni ya nani. Njo tukaisukuma nyuma."

Nilikaa chini pale pale, kwenye sementi, nikatoa simu. Kichwa kilikuwa kimekwisha kujua. Mara saba, alisema. Nikafungua mahali ambapo sikuwahi kufungua tangu ninunue simu, mahali pa wasiotakiwa. Katikati ya viatu vingine na urithi mwingine kulikuwa na barua mbili kutoka kule msituni. Moja ni ya mwenzake wa kazi, mama mmoja aliyetumia ile adresi ya Odile: Odile amefariki, tumemzika hapa kwa sababu njia ni mbaya, vitu vyake tumeviweka kwenye train, tafadhali muende mukavikamate. Nyingine ilikuwa ya Odile mwenyewe. Naiandika jinsi ilivyo, naijua kwa moyo:

"Yaya, hii ni ya saba. Sijue kama unasomaka. Tumbo inakatala kupona, kesho batanipeleka Kindu na pikipiki, kama nitafika. Kufa siogope. Naogopa kuenda na neno yako juu yangu. Usiandike mingi. Andika tu: nimetosha. Bataniletea hapa ku kitanda, nitasoma, nitalala."

Barua ile ilikuwa na siku ishirini na tisa. Nilikuja kujua baadaye kwamba vya mahali pale simu inavifuta yenyewe vikifikisha siku thelathini. Zile sita za kwanza zimefutika. Kama aliniomba radhi, kama alieleza juu ya train, alianza kuugua lini, sitajua kamwe. Mimi hasira yangu niliitema na maji siku moja ikaisha. Simu iliikamata ikaishika mwaka mzima, kila jioni Odile akiandika yenyewe inamfungia mlango kwa jina langu, na haikuniuliza hata mara moja kama bado nakasirika.

Tulilipeleka sanduku nyumbani. Shangazi alifika, nikamweleza yote, akaniuliza Odile alikuwa amevaa nini pale stesheni. Nikamwambia, kile cha majani chenye maua ya njano. Tukafungua. Kitu cha kwanza juu ya vingine kilikuwa kitenge hicho, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Shangazi alilia mpaka akakosa sauti. Halafu akapaka pemba juu ya sanduku, na mimi nikasema neno mbele ya bati. Mtu mzima, ninasema na sanduku.

Toka siku ile dépôt siingii. Katoni zikifika, wanamtuma mtu mwingine, na najua wanacheka nyuma yangu. Wacheke. Lakini kuna jambo sijawaambia. Pale chini kwenye sementi, kabla ya kuinuka, niliigusa ile barua nikachagua kwamba Odile anatakiwa. Simu ikatii mara moja, jinsi ilivyotii ile mara ya kwanza. Sasa inamweka juu kabisa. Nikitaka kumwandikia mtu yeyote, inspekta au nani, inaniletea kwanza jina la Odile. Na asubuhi nikifungua ofisi, barua yake iko pale mbele ya zote, na chini yake simu imeandika kwa rangi: hujajibu, unataka kujibu?

Wewe unayesikiliza, najua una mtu uliyemfungia kwa kidole siku ya hasira. Usiniambie huna. Labda hata hasira yenyewe umekwisha kuisahau, umesamehe, umesali, umewaambia hata majirani. Simu haikuwa kwenye sala hizo. Fungua ile sehemu ya takataka leo, hesabu siku, na ukikuta jina, usiangalie nani mkubwa na nani mdogo. Mwambie yeye mwenyewe.

Mimi mwishowe nilijibu. Niliandika neno moja, jinsi alivyoniomba: nimetosha. Simu ilifikiri kidogo, halafu ikaniambia imetumwa.