Jino la Ukutani

Fundi mwenzangu tunamwita Mkasi, na jina hilo alilipata kwa meno yake. Mkasi wa chuma anao, unaning'inia kwenye msumari, lakini huo kazi yake ni kitambaa tu. Uzi aliukata kwa kinywa. Akifika mwisho wa mshono aliinamisha kichwa, akaulaza uzi upande wa kushoto, ka! Mimi nakaa kwenye cherehani iliyo jirani na yake, na miaka yote nilijua nguo imekwisha kwa kusikia mlio huo.

Wazazi wake walifariki yeye akiwa bado shuleni. Akaacha shule, akakalia cherehani, akamlea na kumsomesha mdogo wake wa kiume. Huyo mdogo leo ni daktari wa meno, ana kliniki yake ghorofani, juu ya duka la rangi, hapo mtaa wa pili. Mkasi hamwiti mdogo wangu wala hamwiti kwa jina. Humwita Daktari, hata wakiwa mezani wanakula. Bwana huyo akija dukani kupimwa suruali, anafutiwa kiti kwanza. Mimi sikumpenda tangu zamani na sioni sababu ya kuficha. Ni mtu wa kuzungumza na dada yake huku anatazama saa.

Balaa lilianza na jino la juu kushoto, la pili nyuma ya chonge. Lilimuuma Mkasi mpaka akashindwa kushona. Daktari akalitoboa, akatoa kilichooza ndani, akauziba mzizi mpaka kwenye ncha, kisha akapiga picha ya eksirei kuikagua kazi yake. Waliowahi kupigwa wanajua: unavishwa aproni nzito, unawekewa kijikadi mdomoni, mashine inasogezwa shavuni, unaambiwa usitikisike. Picha ikatoka safi. Ndani ya jino palikuwa na mstari mmoja mweupe wa dawa ya kuzibia, umenyooka, umeishia pale pale kwenye ncha.

Daktari alifurahi kuliko mgonjwa. Akaikuza picha, akaitia kwenye fremu, akaitundika chumba cha kungojea ili kila anayeingia aone mkono wake ulivyo mwepesi. Mkasi alinipeleka kuitazama kama watu wanavyopelekwa kutazama mtoto mchanga.

"Unaliona? Hilo ni langu," akaniambia, sauti chini, utadhani tuko msikitini.

Maumivu hayakuisha. Yalitulia kidogo, kisha yakarudi, na safari hii uzi ukawa haukatiki upande ule. Akarudi kliniki. Mdogo wake hakumkalisha hata kwenye kiti cha wagonjwa. Alimshika bega, akamgeuza atazame ukutani, watu wamejaa.

"Dada, picha si hiyo? Jino limezibwa mpaka mwisho. Pale hakuna kitu cha kuuma."

"Lakini linauma, Daktari."

"Linauma kichwani mwako. Umri huo, dada, unaanza kudeka?"

Watu wakacheka. Mkasi naye akacheka. Alikuja kunisimulia huku bado anacheka, ameshika shavu.

"Shoga, si uende kwa daktari mwingine?" nikamwambia.

Akanikata jicho. "Nikamuaibishe mtoto wangu? Watu wakiniona natoka kwa mwingine watasema nini?"

Basi akapiga moyo konde. Baada ya muda shavu likavimba, na uvimbe hauwezi kuwa wa kichwani. Daktari akampa vidonge, akapiga picha nyingine, mashine imewekwa vile vile, mbele ya shavu. Akaona kivuli cheusi cha mfupa ulioliwa na usaha, kidogo kama doa la chai. Kilikuwa katikati ya lile jino lake zuri na jirani yake wa mbele. Kivuli hicho ni cha nani? Kwa mtu mwenye akili timamu hilo ni swali. Kwa Daktari halikuwa swali, maana lile zuri lilishakuwa ukutani, na kulishuku kungemlazimu ashushe fremu. Hukumu ikamwangukia jirani. Akaling'oa.

Vidonge vikashusha uvimbe, na kwa siku chache Mkasi akala kama watu. Kila mteja aliyeingia alisimuliwa jinsi Daktari alivyolifichua jino bovu. Kisha maumivu yakarudi. Daktari akang'oa gego lililo nyuma ya lile zuri. Hilo Mkasi alikuja nalo dukani limefungwa kwenye pamba. Nikaligeuza mkononi. Zito, gumu, halina hata tundu la kupitisha sindano.

"Hili lina ubovu gani?" nikauliza.

"Ubovu wa ndani," akasema kwa tabu, mdomo umejaa ganzi na damu. "Mimi na wewe hatuwezi kuuona."

Vidonge vikaisha, maumivu yakarudi, akang'oa chonge. Hapo tuligombana mpaka wateja wakatoka. Nilimwambia yule mdogo wake hana haya, atamng'oa kinywa kizima ili picha yake ibaki na heshima. Akarudi kwenye cherehani yake. Tulishona kutwa nzima, na uzi akawa anaukata kwa wembe.

Uvimbe wa mara ya mwisho ulimkuta Daktari amesafiri, ameenda kwenye mkutano. Aliyemshikia kazi alikuwa daktari wa kike, mgeni kwetu sote. Mkasi alitaka kungoja arudi mwenyewe. Nikamshika mkono, nikampandisha ngazi kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Yule mama alimgonga jino moja moja kwa mpini wa kioo chake. Alipogonga lile lililozibwa, Mkasi aliruka.

"Hilo haliwezi," Mkasi akasema. "Hilo picha yake iko ukutani."

Yule mama alitoka akaitazama fremu, akarudi. Akapiga picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ile ya mstari mmoja. Ya pili alisogeza mashine upande, ikapiga kwa mshazari. Akatuita kwenye kompyuta. Ukilaza vitambaa viwili sawasawa na kuvitazama kwa juu, utaapa ni kimoja. Mzizi wa Mkasi ulikuwa hivyo. Kumbe ni mizizi miwili, mmoja umejificha nyuma ya mwenzake. Wa mbele ulikuwa na mstari mweupe. Wa nyuma ulikuwa mtupu, haujaguswa, na kwenye ncha yake pamekaa ule weusi.

"Na haya aliyong'oa?" nikauliza.

Akazitafuta picha za zamani, akazitazama moja moja. Kisha akamgeukia Mkasi.

"Mama, yalikuwa mazima."

"Daktari alijua anachofanya," Mkasi akasema, akafumba macho, akafungua kinywa atibiwe.

Jino lilipona. Yule mama alilifungua tena, akasafisha mzizi wa pili, akauziba. Miezi ilipopita ikapigwa picha nyingine kwa mshazari ule ule: weusi umefifia, mfupa umeanza kurudi. Mkasi hasikii tena maumivu yoyote.

Daktari aliporudi kutoka mkutanoni alikuja dukani, na nikadhani amekuja kupiga magoti.

"Dada, nimeziona picha. Ni mzizi wa nadra huo, wengi hawana. Ungeniambia mapema kwamba ni lile lile linalouma, tusingefika huku."

Ungeniambia! Nilikuwa na pini mdomoni, nikazitema zote sakafuni.

"Usijali, Daktari," Mkasi akamjibu, akaenda kumfutia kiti.

Fremu ya zamani imeshushwa. Mahali pake pametundikwa kubwa zaidi, yenye picha mbili: jino kabla, na jino baada ya kupona. Mwezi uliopita nilimsindikiza Mkasi kukaguliwa. Siku hizi akizungumza huziba mdomo kwa kiganja. Tulikuta chumba kimejaa, na Daktari alipotuona uso ulimchangamka.

"Mwenye jino lenyewe ndiye huyu!" akawatangazia. "Dada, hebu waonyeshe."

Mkasi alinitazama. Kisha akaondoa kiganja, akafungua kinywa chote. Lile jino lilikuwa limesimama peke yake, mbele yake ufizi mtupu, nyuma yake ufizi mtupu. Mama mmoja aliyeketi karibu akasema, "Mungu wangu," akageuza uso.

Daktari hakuona. Alikuwa ameshawapa mgongo, kalamu mkononi, anafuata mstari mweupe kwenye fremu. "Tazameni hapa ukutani," akawaambia. "Hapa ndipo panaonekana vizuri."

Wote wakatazama ukutani. Mkasi alibaki amesimama katikati ya chumba, kinywa wazi, akingoja aambiwe afunge.